Neno Nililolisahihisha

Kosa nitakalolifichua hapa ni dharau, nayo ni ile dharau yenye adabu, inayoketi vizuri, ikashika kalamu na kumsahihisha mtu mzima maneno ya kinywa chake mwenyewe. Nimeiona kwa wengi tangu nilipoingia katika kazi ya uwakili, na kila mara huitambua upesi, kwa kuwa ilikaa kwangu kabla ya kuhamia kwao.

Nilikuwa mwanafunzi wa sheria, mwaka wa tatu. Chuo kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya ghasia zilizofuata uchaguzi, nami nilikuwa nyumbani kwa mama, Sarang'ombe, Kibera, katika Januari ambayo hadi leo ninaikumbuka kama ndoto ya mtu mwenye homa: vitu vyote vipo mahali pake, lakini sauti zake zimeondolewa. Treni haikupita. Redio za majirani ziliteremshwa sauti hadi zikawa mnong'ono. Asubuhi ukungu ulishuka juu ya mabati, ukachanganyika na moshi wa vibanda vilivyokuwa bado vinafuka, na ng'ambo yake maghorofa ya Nyayo Highrise, ambako mama alifua nguo za watu, yalielea hewani bila misingi. Niliyatazama nikiwa nimeketi mlangoni, kitabu cha sheria ya mikataba mapajani, nikajiona nikiishi huko juu, nimevaa suti nyeusi, nazungumza Kiswahili kisicho na doa.

Suti hiyo haikuwa ndoto tupu. Mama mdogo, nduguye mama wa kufuatana, alikuwa fundi cherehani katika mtaa wa Gatina, Kawangware, na alikuwa ameanza kunishonea. Mwaka ule tulitakiwa kwenda mahakamani, tuketi nyuma ya mawakili na kujifunza, na humo hakuna aliyeingia na sweta.

Siku ya pili ya vurugu, mama mdogo alitokea mlangoni petu akiwa na leso moja na viatu visivyofanana. Alikuwa ametembea kwa njia za nyuma kutoka Gatina. Kabila lake, ambalo ni langu pia, silitaji. Lilitajwa vya kutosha siku zile, na ndilo lililomtoa chumbani mwake. Aliketi kitandani, akanywa maji vikombe viwili, akalala mpaka kesho yake. Usingizini mguu wake wa kulia ulikuwa ukisukuma kitu taratibu, ukipumzika, ukisukuma tena. Ilinichukua muda kutambua kwamba alikuwa akiendesha cherehani.

Wiki ya tatu ikaja habari kwa simu. Mwenye ploti, mzee wa kanisa ambaye ukoo wake ulimiliki ardhi pale tangu Kawangware ilipokuwa mashamba, alikuwa amepata mpangaji mwingine wa chumba cha mama mdogo. Huyo angeingia Jumatatu, na vitu vilivyomo vingetolewa nje. Cherehani ilikuwa ndani. Sare za shule zilizokwisha kukatwa zilikuwa ndani. Bila cherehani ile, mama mdogo angerudi kijijini alikoondoka akiwa msichana, na alijua kwamba huko hakuna aliyekuwa akimngoja.

Alimpigia simu chifu wa eneo, na chifu akakubali kuwasikiliza Ijumaa. Alitaka kwanza maelezo ya maandishi, nakala moja kwake, nyingine kwa mwenye ploti.

"Wakili tuko naye hapa nyumbani," mama akasema, akinielekezea mwiko. "Andika, wakili. Ama unangoja hadi uvae wigi?"

Nikatafuta karatasi zenye mistari, nikanoa sauti yangu, nikamwuliza mama mdogo, "Ilikuwaje?"

"Ni hivi. Niliskia nduru upande wa stage. Nikafunga mlango, nikampea Kufuli ufunguo, nikahepa."

Kufuli alikuwa keateka, yaani mtunzaji, wa ile ploti, mtu wa Kitui. Aliitwa hivyo kwa kazi aliyochukiwa nayo: wapangaji wakichelewa, yeye ndiye aliyekuja na kufuli kubwa la mwenye ploti na kuwafungia nje.

"Nikahepa si neno la hati, mama mdogo."

"Sasa ni neno la nini?"

"La mtaani."

"Na mimi nilikuwa wapi? Si nilikuwa mtaani?"

Mama akacheka hadi akaushika ukuta. Mimi sikucheka. Mhadhiri wetu mmoja alikuwa ametuambia kwamba neno la mtaani halipewi kiti mbele ya hakimu, nami nililishika agizo hilo kama msahafu. Nilifikiri kidogo, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: *Nilifunga mlango wa chumba hicho, nikakabidhi ufunguo kwa mtunzaji, nikahama.* Nikamsomea. Alinitazama kwa macho ya mtu anayemwona mwanawe akipita mbali, upande wa pili wa bonde.

"Ni sawa?" nikauliza.

"Wewe ndiye umesoma," akasema, akatia sahihi.

Jumatano nilizipeleka nakala mwenyewe. Nakumbuka barabara ilivyokuwa nyeupe kwa jua, na jinsi nilivyopita maduka yaliyofungwa nikiwa siisikii miguu yangu, kana kwamba nilibebwa. Langoni pa ploti nilimkuta Kufuli, mtu mwembamba mwenye shada la funguo kiunoni, akifagia vigae vya chupa.

"Niaje, wakili," akasema. "Mama yuko salama? Skiza, siku ile akitoka aliniambia..."

"Yote yameandikwa," nikamkata, nikapita. Nyuma yangu ufagio ulisimama kwa muda, kisha ukaendelea.

Ijumaa tulikuwa watano katika ofisi ya chifu: chifu mwenyewe nyuma ya meza, mwenye ploti na kofia yake juu ya goti, mama mdogo, mimi, na Kufuli aliyesimama mlangoni kwa kuwa hakupewa kiti. Dirisha lilikuwa na kioo kimoja kilichovunjika, na hewa iliyoingia ilileta harufu ya mvua ambayo haikunyesha. Mama mdogo alikuwa amekunja vidole vyake juu ya leso. Nilikuwa na maneno tayari: haki ya mpangaji, ilani, muda unaofaa. Nilikuwa nimeyakariri njia nzima.

Sikuyatumia. Mwenye ploti aliinua nakala yake, akaisoma polepole kama anayesoma somo la Jumapili.

"Bwana chifu, mimi sina maneno mengi. Huyu kijana si ni wakili? Basi wakili ameandika: akafunga mlango, akakabidhi ufunguo, akahama. Amehama! Mimi mzee wa darasa la saba ni nani nimpinge wakili?"

Chifu alitabasamu bila kutaka. Uso wangu ukawaka moto.

"Nilimaanisha..." nikaanza.

"Ulimaanisha? Kijana, karatasi haimaanishi. Karatasi inasema."

Nililijua hilo. Lilikuwa somo la kwanza la mwaka wa kwanza. Nililiona neno langu likiwa pale kwenye mstari wake, safi, limenyooka, na kwa mara ya kwanza nikaona vitu vyote lilivyokuwa limevibeba: kitanda, jiko, sare za watoto wa watu, cherehani, miaka yote ya mama mdogo. Anayehama ameamua. Anayehama ameaga. Kwa neno moja la heshima nilikuwa nimeandika kwamba mwanamke aliyekimbia na viatu visivyofanana alikuwa ameondoka kwa hiari yake. Chumba kizima kikawa mbali nami, sauti zikanijia kama zinapita ndani ya maji.

Ndipo mlangoni mtu akakohoa.

"Mzee, na samahani. Naomba kusema."

Mwenye ploti hakugeuka. "Wewe kazi yako ni milango."

"Ndio, mzee. Ni juu ya mlango."

Chifu akamwashiria aingie. Kufuli akaingia hatua mbili, akalishika shada la funguo ili lisilie.

"Huyu mama hakurudisha ufunguo. Aliniwekea hapa, mkononi, akasema, 'Kufuli, nahepa. Nichungie.' Hakusema anahama. Mimi mtu akihama namjua, bwana chifu, nimefungia watu wengi. Mtu akihama hubeba jiko. Huyu jiko yake iko ndani, na sufuria ya maharagwe bado iko juu. Nilichungulia juzi. Hayo maharagwe sahi yameota ndevu kunishinda."

Chifu akacheka waziwazi. Hata mama mdogo akaificha midomo.

"Na kwa cherehani kuna koti nyeusi," Kufuli akamalizia, "iko na mkono mmoja. Fundi gani anahama akiacha mkono wa mtu?"

Mwenye ploti sasa aligeuka, akamtazama mfanyakazi wake kwa kitambo. Kufuli naye hakuyainamisha macho.

Chifu akamwelekea mama mdogo. "Mama, wewe mwenyewe ulisemaje?"

"Nilisema nilihepa." Akanitazama bila hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Wakili akanisahihisha."

"Ni kweli?"

"Ni kweli," nikasema. Katika miaka yangu yote ya sheria, hakuna ushahidi uliokuwa mgumu zaidi kuutoa.

Chifu akachukua kalamu, akalikata neno langu kwa mstari mmoja, akaandika juu yake *nikahepa*, akamtaka mama mdogo atie sahihi pembeni. Kisha akamwambia mwenye ploti kwamba aliyehepa hajahama, na mlango ufunguliwe siku hiyohiyo. Mzee akavaa kofia yake. Hakuwa mtu mwovu kuliko wengine wa siku zile. Alikuwa ameona mlango uliofungwa na karatasi iliyomruhusu kuufungua, na karatasi hiyo nilimpa mimi.

Tulimfuata Kufuli hadi chumbani. Aliingiza ufunguo, akauzungusha, akasimama kando. Mwanga uliingia taratibu juu ya vumbi, na lile koti la mkono mmoja lilikuwa pale chini ya sindano, limetulia, likiningoja nistahili kulivaa. Mama mdogo aliibeba sufuria nje kwa mikono miwili, ameugeuza uso. Baadaye nikasikia cherehani ikianza, taratibu, ikipumzika, ikianza tena.

Chuo kilipofunguliwa, nilikwenda maktaba nikafungua kamusi. Neno kuhepa lilikuwamo, limeketi na wenzake, lenye maana ya kukwepa na kuepuka. Halikuwa limezaliwa mtaani. Nililokuwa nimelifukuza kwa ujinga lilikuwa na makao ya zamani kuliko mimi.

Tangu hapo, kijana anayejifunza kazi ofisini kwangu akimwandikia mteja maelezo, mimi humwuliza jambo moja: hili ni neno lake au ni lako? Wengine huniona mkali kupita kiasi. Na wanione hivyo. Anayebadili neno la mnyonge ili lipendeze amemnyang'anya kitu, hata kama amemnyang'anya kwa mwandiko mzuri.

Mwisho wa mwezi ule, mwenye ploti alilichukua lile shada la funguo na kumwambia keateka wake atafute kazi kwingine. Mama mdogo alipopata habari na kutoka kumwita, alikuwa amekwisha kwenda, Kitui au kwingineko, hakuna aliyejua. Nilikuwa mwanafunzi wa sheria. Ningeweza kumwandikia barua ya kumtetea. Sikuwahi hata kumshukuru. Siku nilipoapishwa kuwa wakili, nikiwa ndani ya koti lile lenye mikono miwili, niliwataja wote walionifikisha pale, naye sikumtaja, kwa kuwa jina la kitambulisho chake sikuwahi kuliuliza, mimi ninayejaza majina ya watu katika hati kila siku ya Mungu. Ninalo lile la mzaha tu, alilopewa na wale aliowafungia milango, nami naliandika hapa bila kulisahihisha: Kufuli.