Mwanamke Aliyekaa Kwenye Reli ya Majaribio

Msiniambie ni joto la Garissa lililonipanda kichwani. Nilikuwa nimekula, nimekunywa maji, na mwanangu wa miezi saba yuko kifuani ananyonya. Haya niliyaona mwenyewe.

Nilikuwa kibarua kwa mainjinia waliopima reli ya umeme ambayo hata haijajengwa. Kompyuta yao iliigiza yote: treni, nyaya, mpaka umeme unaorudi kupitia reli na kuvujia ardhini. Walitaka kujua kama umeme huo utazichanganya taa za ishara. Kuhakikisha, wakalaza reli fupi mchangani nje ya mji, na taa moja. Kigari cha chuma kikiwa juu ya reli, taa nyekundu. Reli zikiwa tupu, kijani. Kazi yangu ni kuandika rangi daftarini kila wanapofungulia umeme. Nimemaliza Form Four, rangi mbili zitanishinda?

Siku hiyo, saa saba mchana, kigari kilikuwa kimeondolewa. Wakafungulia umeme. Taa ikawa nyekundu. Kutazama, mwanamke wa jilbabu nyeusi amekaa katikati ya reli, mtoto mapajani. Alitokea wapi? Pale ni uwanda mtupu, hata mbuzi unamwona akiwa mbali. Na niaminini, mwili wa mtu hauigeuzi ile taa. Tulizikanyaga reli zile kila siku.

Nikamkimbilia. "Abaayo, dada yangu, toka hapo, kuna umeme."

Hakusogea. "Ukimwaga maji ya moto chini, unasema nini?"

Nani kwetu hajui? Tunasema Bismillahi, ili majini wanaoishi chini ya ardhi wawaondoe watoto wao. Nikamjibu hivyo.

"Na hawa wanaomwaga moto kila siku, wamesema nini?"

Akafunua miguu ya mtoto. Wallahi, nyayo zilikuwa malengelenge matupu. Nikageuka kumpungia injinia aliyekuwa kwenye swichi azime. Kurudisha macho, hakuna mtu, na mchanga hauna alama. Taa ikawa kijani.

Injinia aliona taa tu. Akasema hiyo ni hitilafu, kompyuta imetoa kijani, basi niandike kijani. Nikakataa.

"Mama mtoto, unabishana na kompyuta?"

"Kompyuta haikuwa hapa juani. Ukitaka kijani, andika kwa mkono wako na utie sahihi yako."

Kabla ya alasiri nilikuwa nimefutwa kazi. Lakini injinia hakuandika. Kalamu aliishika, akaiweka chini.

Tangu hapo nyayo zangu huwaka moto kila adhuhuri. Daktari haoni kitu. Sheikh akisoma zinapoa, kesho zinaanza upya. Mtaani wananiita mwenye jini. Na waniite tu. Mama mwenzangu aliniletea mtoto aliyeungua, nami nimfute kwa kalamu nibaki na kibarua? Sitaki.

Wewe utakayepanda treni hiyo siku moja, ukiambiwa taa ni kijani, usikubali haraka. Uliza ni nani aliyesimama pale akaiona.