Wifi Atembeza Wageni

Sina mazoea ya kumsifu wifi yangu. Ni dada wa mume wangu, na wifi ukimsifu sana kesho atakuja kukufundisha kupika jikoni kwako. Lakini hili nitalisema, na atakayechukia achukie.

Mimi ni mpishi katika shule ya kimataifa. Yeye ni mtu wa usafi hapo hapo, mwaka wa kumi na moja sasa, na ndiye anayetunza funguo za vyumba vyote: maabara, maktaba, ukumbi wa maigizo, chumba cha muziki, bwawa la kuogelea. Hafungi mlango mpaka mtoto wa mwisho atoke, ndiyo maana anaijua shule ile kuliko walioajiriwa kuitangaza. Nafasi ya mtembeza wageni ilipotokea, akaiomba. Ofisi nzima ikaangua kicheko. Mkuu wa usajili, mama mkavu asiyependa maneno mengi, peke yake hakucheka. Alimwambia, "Alhamisi inakuja familia moja. Watembeze wewe, mimi nitafuata nyuma. Ukiweza, kazi ni yako. Ukishindwa, tusisumbuane tena."

Akapewa kijitabu cha shule ili akikariri. Wiki hiyo nyumbani hapakukalika. Ukimwomba chumvi anakujibu, "Mtaala unaomjenga mtoto kiakili, kimwili na kijamii."

Alhamisi wakaja baba, mama na binti wa miaka kama kumi. Mimi nilifuata na trei ya juisi, kazi niliyojipa mwenyewe. Maabara ilipita salama, maktaba pia. Tukafika bwawani. Kijitabu kilisema hapo wanafunzi "huzama katika furaha ya michezo ya majini." Wifi akavuta pumzi, akanyoosha mkono, akatangaza:

"Na hapa ndipo wanafunzi wetu wote huzama!"

Mama wa mtoto akamvuta binti yake nyuma. Mkuu wa usajili akafumba macho. Maji yakimwagika hayazoleki. Nikajua kazi imekwenda.

Wifi akakikunja kijitabu, akakitia mfukoni.

"Mama, nisamehe. Hajazama hata mmoja," akasema. "Mimi ndiye ninayegawa taulo hapa. Zikitoka ishirini na nne, zisiporudi ishirini na nne siondoki, na mwalimu haondoki. Juzi ilikosekana moja. Tulimtafuta mwenyewe mpaka tukamkuta bafuni, kajifunika, kalala fofofo kwenye benchi."

Baba akacheka. Binti akauliza kwa sauti ndogo, "Na mtu asiyejua kuogelea?"

"Anaanzia pale, maji ya magotini. Hata mimi nilianzia pale, mwanangu, wakati wa likizo, mtu mzima na unene wangu huu."

Basi hapo hakushikika. Akawarudisha maabara, akisema mara ya kwanza aliwapunja. Akawaonyesha meza ambapo wasichana wawili walichuja maji ya mtaro mwezi mzima mpaka yakang'aa. Akawapeleka darasa la hisabati, anakobaki mwanafunzi aliyefeli mara mbili, yeye na mwalimu wake, hadi saa kumi na moja jioni. "Na mimi hapa nje na ufunguo, nasubiri. Siku aliyopata sitini na nane, alinionyesha mimi karatasi kabla ya mama yake." Kwenye chumba cha muziki alisema hafukuzwi mtoto kwa kukosea, "ingawa masikio yangu yangependa."

Akaeleza kwamba wanafunzi wakubwa huchagua masomo wenyewe, kisha kila mmoja huandika utafiti mrefu wa jambo analolitaka. "Mmoja aliandika kuhusu sabuni. Alinihoji siku tatu, ananiuliza ipi inatoa doa gani, na kwa nini. Jina langu limo kwenye orodha ya waliomfundisha."

Na mimi, miaka yote hiyo tunakula meza moja, sikuwa nalijua jambo hilo. Niliona aibu.

Tukarudi mbele ya ofisi, juisi hakuna aliyeigusa. Baba akamgeukia mkuu wa usajili. "Hii ni shule ya nne tunayotembelea. Kwingine tumeonyeshwa majengo tu. Huyu dada ana cheo gani?"

"Ndiye mtembeza wageni wetu," akajibu bila kusita.

"Tangu lini?" wifi akaropoka.

"Tangu sasa hivi."

Mcheza kwao hutuzwa. Wifi yangu, anayeweza kubishana na redio, akabaki anafuta machozi kwa kiganja. Nikaiweka trei chini, nikapiga vigelegele. Madirisha ya ofisi yakafunguka, wakachungulia wale wale waliocheka. Nikavipiga tena, ili wasikie vizuri.