Mwili Alioachiwa na Mama Yake

Swali linalonichosha kuliko yote ni la chakula. Mtu hajaweka hata mfuko chini, anamtazama mtoto kutoka utosini hadi kwenye vidole vya miguu, kisha ananigeukia mimi: huyu hula kweli? Siku hizi mtoto mwenyewe amelijua. Akiona mwanamke mzima anakuja na macho yale, anasema kabla hajasalimiwa, "Nimekula, nimeshiba." Alianza kusema hivyo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Alijifunza kujitetea akiwa mdogo hivyo, na shtaka halikuwa lake. Lilikuwa langu.

Ni mtoto wa dada yangu mdogo. Dada aliolewa upande wa Wote, kule Makueni, mimi nikaolewa hapa Migwani, na kabla ya hapo hatukuwa tumewahi kulala mbali. Alipata homa iliyoanza kama jambo dogo, akaingia hospitali akitembea kwa miguu yake, na hakutoka. Kuhusu siku zile sitaandika zaidi. Mtoto alikuwa ndio ameanza kukaa bila kushikiliwa. Baba yake ni dereva wa lori, leo yuko Mombasa, kesho yuko mpakani. Bibi yake, mama ya baba, alikuwa anauguza mguu na hakuweza kuinama. Mimi nilikuwa na msichana wangu ambaye nilikuwa bado namnyonyesha. Kwa hiyo baada ya mazishi nilimfunga mtoto mgongoni nikaja naye, na hakuna aliyepinga.

Siku hiyo ya mazishi mtoto alikuwa mnene. Mapaja yalikuwa na mikunjo, na vifundo vya mikono vilikuwa kama vimefungwa uzi. Mtu fulani alimpiga picha kwa simu akiwa amepakatwa na bibi yake, na picha ikaingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wao. Iko huko mpaka leo. Kila mara mtu akitaka kunionyesha makosa yangu, huitoa.

Kwetu Wakamba msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, na jambo haliishii kwenye jina. Baba yake humwita mwaitu, yaani mama. Bibi mwenyewe akija kumtembelea husema amekuja kujiona. Na huyo bibi ni mwanamke mpana, wa mabega na mikono, anayejaza mlango akiingia, wala haoni haya kwa hilo. Watu walipomwona mtoto mnene aliyebeba jina lake walisema jina limefika mahali pake. Hakuna aliyejisumbua kutazama upande wetu.

Msichana wangu alizaliwa mdogo hata nikaona aibu kumfunua kliniki. Alinyonya vizuri, akakonda vivyo hivyo. Alipokaribia kuanza shule ya chekechea akaanza kujaza nguo, na sikuwa nimemwongezea hata kijiko. Wa dada yangu naye, miguu ilipojua kukimbia, mikunjo iliondoka. Akarefuka. Magoti yakatokeza, mifupa ya shingo ikaonekana. Walipishana kama watu wawili kwenye kijia cha mlimani, mmoja akipanda, mwingine akishuka. Sufuria ni moja, muthokoi wetu wa mahindi yaliyokobolewa ni ule ule, hata sahani zao zinafanana.

Lakini watu hawakuona sufuria. Waliona kwamba wangu ananenepa na wa marehemu anakonda, na mtu hahitaji shule kujumlisha hayo.

Nikaanza kupewa ushauri. Dawa ya minyoo, nikampa. Supu ya mifupa, nikapika. Uji wa wimbi na karanga, maziwa ya mbuzi yakiwa bado ya moto, ini kila Jumamosi. Mama mmoja wa kanisani alisema ni huzuni ya kumkosa mama, akamwombea mbele ya watu wote, na mtoto akasimama pale akikuna goti. Jirani yangu alikuwa anampitishia mandazi juu ya ua akidhani sioni. Mtoto aliyapokea, akala nusu, nusu akampa msichana wangu, na wangu akazidi kunenepa kwa mandazi ya huruma. Ningecheka kama ningekuwa na nguvu ya kucheka.

Mwaka aliotimiza umri wa kuingia darasa la kwanza, bibi alikuja. Mguu ulikuwa umepona. Alimwita mtoto, akamvua sweta, akamgeuza huku na huku kama mtu anayenunua mbuzi sokoni, kisha akamtuma nje akacheze. Msichana wangu alikuwa amekaa mlangoni na kipande cha hindi la kuchoma. Bibi alimtazama yeye kwa muda, halafu akanitazama mimi.

"Mama," akaniambia, "mimi nilikuachia mtoto. Sikukuachia kuni."

Nilimwambia mtoto anakula. Akasema mtu mwenye jina lake hakondi, hajawahi kukonda, hata mwaka wa njaa hakukonda. Akatoa simu, akanionyesha ile picha. Kisha akasema walichokuwa wameshazungumza na mwanawe: likizo ndefu ikifika mtoto ataenda kwao, na Januari ataingia shule huko huko. Mbuzi wa ntheo, wale wa kufunga ndoa, walikuwa wamepelekwa kwa baba yetu zamani. Kwa desturi mtoto ni wao. Sikuwa na la kupinga nalo isipokuwa mapenzi, na mapenzi hayaheshimiki sana katika kikao.

Sijui kama naweza kueleza nilichokuwa ninaogopa. Dada yangu hakuacha vitu vingi. Nguo ziligawanywa. Huyu ndiye aliyebaki, na alikuwa anaondoka nyumbani kwangu kwa sababu ninamnyima chakula.

Nilimpeleka hospitali ya kaunti, nikaamka mapema nikapanga foleni. Mhudumu wa lishe alimpima uzito na urefu, akamfunga mkononi ule utepe wenye rangi, ukasimama kwenye kijani, yaani hana utapiamlo. Akaniuliza maswali mengi kuhusu nyumba na chakula, na sikumficha kitu. Kisha akaniuliza kama nguo zinamwacha. Nikamwambia zinamwacha kwa urefu, kwa upana zinampwaya. Akasema hiyo ni habari njema, maana mtoto anayenyimwa chakula muda mrefu hata kurefuka husimama.

Nilimwomba anieleze kwa Kiswahili changu. Akasema mtoto harithi pua na rangi peke yake, anarithi pia namna mwili utakavyojijenga, na namna hiyo hubadilika na umri. Aliita vitu hivyo vinasaba. Vingine humjaza mtoto akiwa wa kunyonya, halafu vinatulia. Vingine vimelala wakati huo, vinaamka akikaribia shule. Kwa hiyo mtoto mnene si lazima awe mkubwa mnene, na mwembamba vilevile. Chakula kina kazi yake na magonjwa yana kazi yake, akasema, lakini watoto wawili wa sufuria moja hawatatoka sawa. Nilimuuliza kama anaweza kuniapia kwamba ndivyo ilivyo kwa huyu. Akasema hapana, kwa mtoto mmoja hakuna anayeweza kuapa. Akaniuliza mama yake alikuwaje.

Nilikaa pale kwenye benchi nikimkumbuka, na watu wa nyuma wakaanza kukohoa.

Mama yake nilimbeba mimi. Mama yetu alikuwa analima mbali, na mimi nilikuwa msichana mdogo mwenye shuka na mtoto mgongoni. Alikuwa mzito. Nilitembea nimeinama mpaka wanawake wa kisimani wakawa wananicheka, wakisema mtoto ndiye amenibeba mimi. Baadaye akaanza kukimbia, akaisha. Shuleni walimwita fimbo ya mwalimu. Alikaa hivyo hadi siku ya harusi, gauni likashikwa pini mgongoni lisimwanguke. Wakwe zake walimjua akiwa mwembamba tayari. Hawakujua kwamba alianza akiwa kama yule wa kwenye picha.

Nilipiga simu Wote nikasema hayo yote. Bibi alinisikiliza, sina lawama. Kisha akasema, kwa upole unaokera kuliko matusi, kwamba mtu akifiwa humwona marehemu kila mahali. Mtoto ana jina lake yeye, siyo la mama yake. Akaniuliza kama nina picha ya dada akiwa mchanga. Nani alikuwa na kamera kwetu siku hizo? Wao walikuwa na picha. Mimi nilikuwa na mgongo wangu, na mgongo hauwekwi kwenye WhatsApp.

Mtoto akaenda. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri mwaka huo, kunde zilikuwa kila mahali, mbuzi wana maziwa, maembe ya Makueni yanaanguka yenyewe. Nilijua nimeshindwa. Katika msimu kama ule hata fimbo ya ufagio ingenenepa. Msichana wangu alilala peke yake kitandani na akakataa kusogea katikati. Nilipiga simu mara chache tu, na kila mara niliambiwa mtoto yuko na mbuzi, au yuko mtoni, au ameenda kwa kina fulani kucheza. Niliposikia hivyo nilifurahi na kuumia.

Katikati ya Desemba simu zikaanza kutoka upande wa pili. Bibi aliniuliza mtoto alipewa dawa gani ya minyoo. Wiki iliyofuata akauliza kama huwa anakunywa chai nyingi, maana chai huondoa hamu ya chakula. Baadaye akauliza kama analala vizuri. Nilijibu yote. Sikuuliza kitu.

Shule zilipokaribia kufunguliwa niliwaona wakiingia getini, bibi mbele, mtoto nyuma akivuta mfuko wa ndengu ulioshinda kimo chake. Alikuwa amerefuka tena. Magoti yalikuwa yale yale. Alinikumbatia kiunoni, akamkimbilia mwenzake, na tukasikia vicheko nyuma ya jikoni.

Bibi aliketi, akapumua, akaomba maji. Alikunywa yote.

"Huyu mtoto anakula," akasema, kama mtu anayetoa ushahidi asioupenda. "Anakula kuliko mimi."

Nilivuta kiti, nikakaa karibu naye.

"Nilimchinjia kuku. Nilimkamulia mbuzi kwa mkono wangu. Usiku ananiamsha ananiambia, susu wangu, kuna kiazi kimebaki? Aliyenenepa ni mimi, nikimaliza anachoacha. Na haachi kingi."

Nikamwambia pole. Nilimaanisha hivyo.

"Sasa wanawake wa kanisa letu wananiuliza." Alifuta uso kwa leso. "Wananiuliza mimi kama huyu mtoto hula. Mimi. Mtu wa jina langu mwenyewe, ati ninamnyima."

Ningeweza kusema mengi. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimeyaweka tayari, nimeyapanga usiku na mchana. Lakini nilipomwona amekaa pale na kikombe kitupu, mwanamke mkubwa aliyechoka kwa uchovu ule ule wangu, yakapoteza ladha.

"Mama yake alikuwa hivyo," nikasema.

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Mlikuwa mnatazama jina."

Hakukasirika. Alitazama nje, ambapo watoto walikuwa wanaruka kamba, mmoja akitua kwa kishindo, mwingine kama hajagusa ardhi. Kisha akasema kwamba dada yangu alikuwa akitembea uani kwao hivyo hivyo, hadi mbwa hakuwa anaamka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimtaja tangu tumzike. Niliinuka nikaenda kuangalia moto ambao haukuhitaji kuangaliwa.

Jioni hiyo alimpigia mwanawe simu mbele yangu. Alimwambia mwaitu atasoma Migwani, na likizo ataenda kwao kula ndengu, bila mtu kumpima. Baba alikubali haraka, nadhani alikuwa barabarani.

Asubuhi nilimsindikiza bibi hadi getini. Jirani yangu alikuwa ameegemea ua na mandazi yake kwenye karatasi. Alimwona mtoto, akasikitika, akasema kumbe hata huko Makueni hakupata chakula.

Bibi alisimama. Alijaza njia yote.

"Anakula," akamwambia. "Huo ni mwili wa mama yake."

Jirani hakujua aangalie wapi. Basi akamwangalia msichana wangu aliyekuwa amesimama kando yangu, akamfinya mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini huyu naye ninampa nini.