Mshipa wa Dada Yangu

Mama alipofanyiwa upasuaji Nakuru, hospitali iliomba watu wa nyumbani watoe damu. Nilitoka Olenguruone alfajiri, nyuma ya pikapu ya viazi, nimekumbatia kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando ya mgonjwa. Dada yangu mdogo, anayekaa hapo hapo mjini, alikuja mikono mitupu, kucha zimepakwa rangi.

Akakunja mkono wa sweta. Mshipa wake ulisimama kama kamba ya kufungia ng'ombe.

"Wewe ni baraka," nesi akamwambia.

Baraka! Tangu tukiwa watoto, baraka ni yeye tu.

Ilipofika zamu yangu, nesi alinifunga mpira, akanipigapiga mkono, akatafuta. Hakuna kitu.

"Mathe, baridi imebana mishipa yako," akaniambia. "Na naona kuna kitu kinakusumbua. Mtu akiogopa au akikasirika, ubongo unatuma habari kwa neva, na homoni ya adrenalini inaingia kwa damu. Mishipa inazidi kujibana."

"Sijakasirika," nikasema, nimekaza meno.

Dada yangu, ambaye sasa alikuwa anakunywa soda aliyopewa, akatabasamu. "Usijali. Damu yangu itamtosha Mama."

Nesi akanifunika mkono na kitambaa cha maji moto. Akaniambia nifumbe macho, nipumue polepole, nifikirie kitu cha kunifurahisha.

Nikafumba, na akilini nikamwona dada yangu akizimia pale mlangoni, soda yote ikimmwagikia.

"Haya basi!" nesi akasema. "Si huu hapa, umejaa vizuri!"