Zeze Lililofukuzwa Sebuleni

Severina hakuanzisha kijiwe chake cha kahawa pale Utemini ili kulinda utamaduni, ingawa siku hizi wageni wakimuuliza anakubali. Alikianzisha kwa sababu alikuwa hasikii redio yake. Mumewe, Mzee Zefania, Mgogo wa Kintinku, alipiga zeze sebuleni tangu asubuhi, kwa sauti ambayo Severina anaifananisha na mbuzi mwenye shida ya tumbo. Akamhamishia barazani. Majirani walipokuja kumuulizia huyo mbuzi, akawauzia kahawa.

Zefania hakumsifu mtu. Ukikaa kwenye benchi alikutazama kidogo, kisha akakutungia wimbo: shati lako, kitambi chako, mkeo aliyekukimbia. Watu walitukanwa, wakacheka, wakaagiza kikombe kingine. Chediel, kinyozi wa jirani mwenye upara, alileta hadi wakwe zake.

Mwaka jana Severina akajisahau. Mbele ya benchi zima alisema, "Hawa wanafuata kahawa yangu, siyo hizo kelele."

Zefania akafunga zeze kwenye kanga ya mkewe, ile nzuri, akapanda basi kwenda kwa dada yake Kintinku.

"Njaa itamrudisha," Severina akasema.

Haikumrudisha. Chediel akaleta spika na nyimbo za Zefania alizokuwa amezirekodi kwenye simu. Ikawa upara wa Chediel asubuhi, upara wa Chediel jioni. Mgeni alikaa, akasubiri kutukanwa, hakutukanwa, akaaga. Kufikia mavuno kahawa ilikuwa inapoa kwenye birika.

"Mama, mpigie umwombe msamaha," Chediel akamwambia.

"Nimwombe msamaha mwizi wa kanga?"

"Basi hiyo kahawa utainywa mwenyewe."

Akapiga. Msamaha hakuomba. Severina, ambaye hata kanisani hufungua mdomo tu, aliimba. Aliimba matege ya mumewe, mkoromo wake, na kanga. Alipomaliza akatega sikio.

"Umekata?"

"Hapo kwenye kanga umepanda mno," Zefania akasema. "Unaanzia chini. Nani kakufundisha?"

"Anifundishe nani, na mwalimu katoroka?"

Kesho yake alishuka kwenye basi, zeze likiwa bado ndani ya kanga. Alikaa barazani, akakaza nyuzi, akamwamuru mkewe aanze upya, kutoka kwenye matege.

Sasa benchi halitoshi. Chediel anasema mbuzi wamekuwa wawili. Juzi waliuimba upara wake kwa sauti mbili, na redio sebuleni inajisemea peke yake.