Shule ya Ukuta na Shule ya Sikio

Mume wangu ni dereva wa lori, na kwa dereva wa lori kitu kisicho na geti ni cha kuibiwa. Kwa hiyo binti yetu alipofika umri wa kuanza darasa la kwanza, mwenzangu alikuwa na swali moja tu, na alinipigia simu kutoka kwenye foleni ya mpakani kuliuliza: "Hiyo shule ina ukuta?"

Shule ya serikali iliyo karibu na vyumba tulivyopanga hapa Namakwekwe, mjini Mbale, haikuwa na ukuta. Upande mmoja ilikuwa na michongoma, na upande wa pili ilikuwa na mbuzi. Shule yenye ukuta ilikuwa Jinja, kule Kimaka, jirani na kwa wifi yangu, ambaye alikuwa tayari kukaa na mtoto na ambaye tangu niolewe hajawahi kukosa la kunishauri. "Wifi, huku wanasoma watoto wa wanajeshi," aliniambia. "Hata mbu wa huku wana adabu."

Mimi sikuwa natafuta ukuta. Nilikuwa natafuta shule ambayo mtoto wangu angefungua mdomo.

Nyumbani alikuwa anaongea mpaka redio inaona haya. Sisi ni Wakenya, tunagombana kwa Kiswahili na tunasali kwa Kiswahili. Lakini kule chekechea, siku ya kwanza aliposema "naomba maji", wenzake walinyoosha mikono juu kama watu waliokamatwa na kupiga kelele, "Askari! Askari!" Hapa Uganda wazee wengi walikisikia Kiswahili kwanza kikitoka nyuma ya bunduki, na watoto huokota michezo kwa wazee. Walikuwa wanacheza tu. Mwanangu alifunga mdomo siku ile, na tangu hapo kila akitoka nje ya mlango wetu alikuwa bubu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nilingoja huo mshindo mpaka nikachoka.

Basi nikaamua kuzikagua shule zote mbili kwa macho yangu. Nauza makoti ya mitumba sokoni Mbale, na mtumba huununui kwa kuuangalia mbele. Unaugeuza ndani uone mshono.

Mimi na binti yangu tulianza na Jinja. Kulikuwa na manyunyu, nikavaa koti moja la biashara, la kijani kilichokolea, lenye vifungo vya shaba na vile vibawa vya mabegani. Nadhani mwenyewe wa kwanza alikuwa bibi fulani wa Ulaya akitembeza mbwa. Mlinzi wa getini aliliona koti, akanisikia nikiuliza ofisi iko wapi kwa Kiswahili kilichonyooka, akagonga visigino. "Ndiyo, afande!"

Kabla sijamwambia neno alikuwa ameshakimbia. Nilipofika ofisini mwalimu mkuu alikuwa anamalizia kufunga kifungo cha shati, na walimu wawili walikuwa wamesimama wima ukutani.

"Karibu, afande. Sisi iko tayari siku yote."

"Mimi nauza makoti," nikasema.

Wakacheka kwa heshima, namna watu wanavyomchekea mkubwa anapotania. "Naelewa, afande," akasema mwalimu mkuu kwa sauti ya chini. "Naelewa kabisa." Kadiri nilivyokana ndivyo walivyozidi kuamini kwamba nimetumwa kupeleleza. Nilitaka kuona vyoo, nikazungushwa mpaka vikamaliza kumwagiwa maji. Niliomba kuonja uji wa watoto, nikaletewa chai ya maziwa na mayai ya kuchemsha. Nikayala. Kwa nini niwaongezee wasiwasi?

Kisha tukapelekwa darasa la kwanza. Watoto walisimama kwa pamoja, wakaimba, wakakaa kwa pamoja. Mmoja aliondolewa dawati la mbele ili binti yangu akae. Mwalimu akamwinamia: "Mutoto, jina yako nani?"

Kimya. Akauliza tena. Kimya.

"Huwa hasemi mbele ya watu," nikaanza kueleza, lakini mwalimu mkuu alikuwa ameshaligeukia darasa.

"Munaona? Hii ni nidhamu! Mutoto ya afande hapigi kelele. Wote mufanye kama yeye."

Na darasa zima likaziba midomo kumwiga. Nilisimama pale na koti langu. Walikuwa wanamsifu mwanangu kwa kidonda chake.

Wifi yangu alifurahi hadi akapika kuku. "Hajaanza, tayari ni mfano!" Mume wangu naye aliuliza kwenye simu, "Ukuta ni wa matofali au wa mabati?"

Namakwekwe nilikwenda bila koti. Nilikuwa nimejifunza. Ila Mkenya ni Mkenya: mtoto anapokwenda kuonekana na watu lazima apendeze, basi usiku wa kuamkia siku hiyo nilimsuka kwa uzi, nikazikusanya nywele zote utosini zikasimama kama chungu. Hakuna aliyenipigia saluti. Mbuzi mmoja alinionja sketi.

Mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa mama mnene, sauti imekwisha kwa kushindana na watoto waliobanana mpaka sakafuni. Alizitazama zile nywele, kisha akanitazama mimi namna unavyomtazama mgeni aliyeingia msikitini na viatu. Ndipo nikaona: darasa zima, wavulana kwa wasichana, vichwa vilikuwa vimenyolewa. Huku ndiyo sheria ya shule, nami nilikuwa nimeisahau.

Nikampa cheti cha kuzaliwa. Hakukisoma. "Karatasi nadanganya, mama. Sikio hapana danganya. Mutoto, pitisha mukono juu ya kichwa, shika sikio ya upande ingine."

Ndicho kipimo chao cha zamani: mkono usipofika, mtoto bado mdogo. Binti yangu akaupitisha, ukapanda, ukakwama kwenye chungu changu cha nywele.

"Bado. Lete yeye mwaka ingine."

Kabla sijabisha, darasa lote lilinyanyua mikono. Mtoto naye aliiona ile mikono juu, akarudi nyuma akaishika sketi yangu. Lakini hakuna aliyesema askari. Kila mkono ulipita juu ya kichwa ukashika sikio, walikuwa wanamwonyesha. "Lala hivi! Vuta!" walimwambia, kwa Kiswahili, kwa Lumasaba, lugha ya huku, kwa chochote. Waliinamisha shingo wakimfundisha kuiba mtihani mbele ya mwalimu. Kisha msichana mmoja akatoka kwenye dawati, akaja akazikandamiza zile nywele kwa viganja viwili kama anayefunga begi lililojaa.

Mwanangu akatoa ulimi, akajinyoosha.

"Nimelishika! Mwalimu, nimelishika! Ni hizi nywele! Nilimwambia mama zinauma, hasikii! Na usiku anakoroma! Na baba anataka ukuta!"

"Haya, haya, tumesikia," mwalimu akasema. "Kesho lete kichwa. Nywele iache nyumbani."

Kwa kinyozi nililia mimi. Yeye alikuwa anamhadithia kinyozi.

Mume wangu alininunia. Wifi alinipigia kuniambia nimechezea bahati. Hatimaye, safari moja ya kwenda Kampala, mume wangu aliliegesha lori barabarani akaja kuukagua huo ukuta usiokuwepo. Tulisimama kando ya michongoma. Ndani walikuwa wanahesabu, na sauti moja ilikuwa inawaongoza wengine, kali, ya kuamrisha, yenye Kiswahili chetu cha nyumbani.

"Huyo ni nani?" akauliza.

Hakuwahi kumsikia akiongea nje ya nyumba, angemjuaje? Nilimwona alipoitambua sauti. Aliivua kofia yake, akasikiliza mpaka wakafika mia.

"Wakitaka kujenga ukuta," akasema, "waambie hatuchangii."