Mkate wa Msalaba Niliomlisha Wifi

Mama yangu alikuwa mpishi wa shule ya bweni ya wasichana kule Taita, na kila Ijumaa Kuu alioka mikate ya msalaba: vimikate vya mviringo, laini, vyenye zabibu kavu na mdalasini, na juu yake msalaba mweupe wa unga uliokorogwa kwa maji. Alifundishwa na mwalimu mkuu Mwingereza. Mwingereza akaenda zake, mikate ikabaki kuwa ya mama. Sisi wanawe hatukuruhusiwa kuigusa mpaka turudi kanisani.

Mama alifariki mimi nikiwa Brussels. Sikumzika. Kibali changu cha kukaa kilikuwa ofisi ya mtaa kikingoja muhuri, na aliyetoka nchini bila kibali hakuwa na hakika ya kurudi. Wiki chache baadaye Pasaka ikafika. Ijumaa Kuu niliamka mapema, nikakanda unga, nikaoka mikate yake huku nalia. Kwa mara ya kwanza tangu msiba nilihisi nimemfanyia mama jambo.

Tuliishi Jette, kitongoji cha Brussels, mimi, mume wangu na wifi yangu. Mume wangu ni mtu wa Bukavu. Dada yake alitufikia baada ya vita kuingia kwao, ana mkoba mmoja na viatu vya kuazima. Nilimpa chumba tulichokuwa tumemtengea mtoto ambaye hakuja. Akapata kazi ya kufua mashuka hospitalini. Sikumnyima kitu. Nayasema haya ili ijulikane tulianzia wapi.

Asubuhi ile wifi aliuma mkate mmoja, akatafuna kidogo, akautema kiganjani, akaniuliza kwa Kiswahili cha kwao Bukavu:

"Bon, wifi, hii ni nini? Iko kama eponji. Batu ba kwenu banakulaka hii?"

"Ni mikate ya mama," nikamwambia.

"Eh, pole. Lakini ni mubaya."

Nikainuka nisije nikatamka neno. Niliporudi, sahani ilikuwa tupu. Wifi alikuwa roshani, anaimega mikate vipande vipande na kuwarushia njiwa. Njiwa wa Jette ni wanene na hawana adabu. Waliipigania misalaba ya mama yangu mpaka juu ya vyuma vya roshani, wakipandiana migongoni.

Nilipomweleza mume wangu alisema, "Mwache. Amepitia mengi."

Nilijua amepitia mengi. Na mimi nilikuwa nimepitia, ila msiba wangu haukuwa na milio ya risasi, basi haukuhesabika. Nikaliweka moyoni. Nilimpikia wifi mwaka mzima, nikamsalimia kila asubuhi, nikamwekea chakula alipochelewa kazini, na lile jambo halikutoka.

Kwaresma iliyofuata ilimkuta wifi amekuwa mtu mkubwa. Akina maman, yaani wamama wa kwao Kivu, wenye kikundi cha maombi walikuwa wamemchagua awaongoze. Jumatano ya Majivu alitangaza mbele yao kwamba hataonja kitu chenye sukari mpaka Pasaka. Nyumbani nikitia sukari kwenye chai yangu alitikisa kichwa.

"Yesu alikunywa siki. Wewe, sukari."

Karibu na Juma Kuu nikaingia supamaketi ya Waingereza mjini kutafuta zabibu. Kwenye rafu ya mikate nikasimama. Mikate ya msalaba ilikuwa imepangwa ndani ya mifuko, lakini si ile niliyoijua. Mfuko mmoja ulikuwa wa chokoleti, mwingine wa machungwa, mwingine wa tufaha. Kwanza nilikasirika, kama mtu aliyekuta nguo ya marehemu imevaliwa na mgeni. Kisha nikaichukua mifuko yote mitatu.

Mume wangu nami tukaketi jikoni kuionja. Ya chokoleti ilikuwa nyeusi, msalaba wake umekauka kama chokaa, na utamu wake ulibaki kwenye meno kama dawa ya kikohozi ya watoto. Ya tufaha ilikuwa na majimaji. Ya machungwa nilitaka niichukie, na harufu yake ya kwanza ilikuwa ya sabuni, lakini nilipoichoma kidogo na kuipaka siagi, nikajikuta nimemaliza mmoja na mkono unakwenda kwa wa pili.

"Mama yako angesemaje?" mume wangu akauliza.

"Angesema ni keki iliyopotea njia."

Akacheka. Mimi nilikuwa nimeshaamua. Wageni wa wifi wangekuja kwetu Ijumaa Kuu baada ya Njia ya Msalaba. Ningewapa hii ya dukani. Mikate ya mama isingekwenda tena mbele ya kinywa kile.

Jumanne ya Juma Kuu nilitoka kazini kabla ya saa zangu. Nikafungua mlango wa nyumba polepole, maana kitasa chetu kilikuwa kibovu, na kupitia ukumbini nikamwona wifi jikoni. Alikuwa amenipa mgongo, koti bado mwilini, amesimama kando ya friji na mfuko wa machungwa mkononi. Alikula haraka haraka, kama mtu anayefukuzwa.

Ningeweza kumwita. Nilirudi ngazini, nikavuta mlango, nikangoja, kisha nikaingia upya nikikohoa. Nilimkuta anaosha mikono.

"Umeshinda salama, wifi?"

"Salama. Mufungo tu unanimaliza."

Sikulala na hasira siku hiyo. Nililala na furaha.

Ijumaa Kuu nikabadili shauri, nikaoka mikate ya mama, maana mbele ya wageni kinywa kile kisingethubutu kuigusa. Akina maman walipofika sebule ilijaa vitenge na makoti yenye unyevu. Niliweka sahani mbili mezani, moja ya mikate ya tufaha iliyosalia, moja ya mikate yangu. Wifi alikuwa kwenye kiti kikubwa.

"Chukueni, chukueni," aliwaambia. "Mimi hapana. Niliapa. Tangu Majivu, sukari haiyapita hapa," akagusa koo.

Nilikuwa nimeshika birika ya chai. Nikamwinamia, nikauliza wote wasikie. "Wifi, na ule mkate uliokula Jumanne umesimama kando ya friji, ulikuwa mtamu?"

Alinitazama, nami nikamtazama. Nilitegemea akane, na nilikuwa tayari kwa kukana kwake.

"Ilikuwa ya machungwa," akasema. "Nilitoka kazi na njaa, nikaona giza. Nilikula tatu."

"Tatu!" maman mmoja akapiga makofi. Mwingine akasema yeye Kwaresma hiyo alishakunywa bia, na zaidi ya mara moja. Wote wakaangua kicheko, na wifi akacheka nao, anafuta machozi. Niliona kisasi changu cha mwaka mzima kikigeuka mchezo, na yeye akipendwa kuliko mwanzo.

"Sawa," nikasema. "Na ile mikate ya mama yangu uliyowapa njiwa, ilikosa nini?"

Kicheko kikakatika. Miongoni mwao alikuwepo maman mtu mzima aliyekuwa mkunga kwao Uvira, mtu wa maneno machache. Akaweka kikombe chini. "Njiwa gani?"

Nikaeleza. Sikuongeza chumvi, haikuhitajika.

"Mama yake alikuwa amekufa?" mkunga akamuuliza wifi.

"Ndiyo, maman."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Sisi bote hapa tulipoteza batu. Nani kati yetu alitupia ndege chakula ya matanga?" Akamsogezea sahani yangu. "Kula."

"Maman, niliapa..."

"Ile kiapo ulishaivunja na machungwa. Kula."

Wifi akachukua mkate. Mkate wa mama hauna siagi ndani wala maji ya tufaha. Ukiliwa bila kinywaji unakwama. Alitafuna, akameza kwa shida, akaitazama birika mkononi mwangu. Nilikuwa nimemimina vikombe vya wote. Chake sikukimimina. Nilisimama pale mpaka alipomaliza, na makombo yalipobaki kwenye kitenge chake nikamwambia, "Na hayo." Akayaokota moja moja.

Wasemao kisasi ni kichungu hawakuwa sebuleni kwangu siku hiyo.

Mume wangu alininunia mpaka Pentekoste. "Ulimwaibisha dada yangu mbele za watu," alisema. Nikamjibu kwamba dada yake alimwaibisha mama yangu mbele ya njiwa, na tukaishia hapo. Kabla ya kiangazi wifi alihamia Matonge, mtaa wa Wakongo, kwenye chumba juu ya duka la vitenge katika barabara ya Chaussée de Wavre. Kikundi hakikumvua uongozi. Hakuniomba radhi, wala mimi sikumwomba.

Tulikutana mwaka uliofuata, Jumapili, kwenye soko la Gare du Midi. Alikuwa amekonda. Aliniuliza hali ya kaka yake, ingawa nilijua wameongea juzi.

"Siku ile ulininyima chai," akasema kwa ghafla. "Ile njo iliniuma kupita mukate."

"Najua," nikasema. "Ndiyo maana nilikunyima."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa jibu alilolitarajia. Akaenda zake upande wa mabasi, nami nikarudi kwenye foleni ya samaki.